Kakuta aliacha jina lake ndani ya daftari la Lens. Watoto wa Butembo na Beni wanaliacha wapi?

Gaël Kakuta hakuzaliwa Kongo na hakulelewa Kongo. Alizaliwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 21 Juni 1991, kwa wazazi Wakongomani. Hata hivyo, Butembo na Beni wapenda mpira wanamjua: yule wa mguu wa kushoto, anayecheza nyuma ya mshambuliaji, anayepokea mpira akiwa amekwisha kujua atautuma wapi. Kwenye CAN ya Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024, alikuwa ndani ya kikosi cha Leopards kilichofika nusu fainali.

Usiku ule wa nusu fainali, tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan, haukusahaulika huku. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kichwani, mfano wa bunduki. Mtu wa Beni hakuhitaji kutafsiriwa: watu wanauawa Mashariki, na dunia inanyamaza. Mechi yenyewe Kongo ilipoteza 1-0 kwa goli la Sébastien Haller, na mwisho ikachukua nafasi ya nne baada ya penalti na Afrika Kusini.

Ishara ile ilikuwa ya haki. Lakini ukipitia orodha ya kikosi kile, swali linakuja lenyewe. Wengi wao walizaliwa ao walikomalia Ulaya, wengine wametoka Kinshasa na miji mingine mikubwa. Ni wapi namba 10 aliyejifunza mpira Bulengera, Mulekera, Oicha ao Lubero? Watoto wenye kipaji hawakosekani. Pita jioni yoyote kando ya uwanja wa Matokeo, ao Kalinda kule Beni, utawaona. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo kuliko uwanja na kuliko kocha. Ni karatasi. Na hakuna maisha ya mchezaji yanayoonyesha nguvu ya karatasi kuliko ya huyu Kakuta.

Mtoto wa miaka 16 na klabu mbili

Kakuta aliingia shule ya mpira ya RC Lens akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Lens ni mji wa machimbo ya zamani ya makaa ya mawe, si mji mkubwa, lakini klabu yake ina sifa ya kulea vijana. Mwaka 2007, kijana akiwa na miaka 16, Chelsea ya London ikamchukua. Lens haikukubali. Ilisema mtoto alikwisha kujifunga kwao kwa maandishi, na kwamba Chelsea ilimshawishi avunje neno lake. Ikapeleka mashtaka FIFA.

Uamuzi ulitoka tarehe 3 Septemba 2009 na ukashitua watu. Chelsea ikakatazwa kuandikisha mchezaji mpya yeyote mpaka Januari 2011. Kakuta akafungiwa miezi 4 na kutakiwa, Chelsea ikibeba deni pamoja naye, kulipa euro 780,000. Juu ya hizo, Chelsea ikatakiwa kulipa Lens euro 130,000 kwa ajili ya kumlea.

Hazikuwa habari za mwisho. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya michezo ya Lausanne, TAS, na mnamo Februari 2010 pande zote zikapatana. Zikakubali kwamba kontra ile kati ya mtoto na Lens haikuwa halali. Kama haikuwa halali, basi hakuna aliyeivunja, adhabu zikafutwa. Lakini Chelsea, bila kukubali kosa, ikakubali kulipa Lens fidia.

Hapo ndipo msikilizaji wa huku anapaswa kusimama kidogo. Lens ilishindwa kwenye kontra, ndiyo. Lakini hakuna mtu aliyeweza kusema Kakuta hakupita Lens. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, misimu yake, vyote vilikuwa vimeandikwa mwaka kwa mwaka katika shirikisho la Ufaransa. Bila daftari lile, Lens ingekuwa inalalamika tu barabarani, kama vile makocha wengi wa kartie zetu wanavyolalamika: « Ule mutoto tulimukomalisha siye, ile wakati hakuna mutu aliyekuwa anamujua. »

Mzigo unaopakuliwa kila depo

Yaliyofuata katika maisha ya Kakuta hayakulingana na kelele za kesi. Carlo Ancelotti alimpa mechi yake ya kwanza Chelsea mnamo Novemba 2009. Kiangazi cha 2010 alichukua na Ufaransa kombe la Ulaya la vijana chini ya miaka 19, akatajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, katika kikosi kimoja na Antoine Griezmann na Alexandre Lacazette. Wenzake hao wawili walipanda. Yeye akaanza kukopeshwa: Fulham, Bolton, Dijon, Vitesse ya Uholanzi, Lazio ya Roma, Rayo Vallecano ya Madrid. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua mzigo wa namna hiyo, ule unaopakuliwa depo hii, unapakiwa tena, unapelekwa depo nyingine, na mwenye mali hasemi kama anauuza ao hapana.

Namba 10 anateseka na maisha hayo kuliko wengine. Beki anaweza kufika leo na kesho akacheza. Mtu wa kati anayeshambulia anahitaji kuwajua wenzake: nani anapenda mpira miguuni, nani anakimbia nyuma ya mabeki, winga yupi anarudi ndani. Ukimhamisha kila baada ya miezi 6, unamnyima chombo chake cha kazi. Si ajabu kwamba Rayo, waliomwachia msimu mzima wa 2014-15, ndio waliomwona mzima. Baadaye Sevilla ikamnunua, akaenda China katika Hebei, akarudi Hispania, akapita Amiens.

Mwaka 2017 aliacha njia ya Ufaransa na kuanza kuvaa jezi ya Kongo. Na mwaka 2020 akarudi Lens, klabu ileile aliyoiacha kwa kesi. Katika msimu wa 2020-21 alifunga magoli 11 ya ligi, na mwaka 2021 akapewa zawadi ya Marc-Vivien Foé, ile inayopewa mchezaji bora wa Afrika katika ligi ya Ufaransa. Alikuwa anakaribia miaka 30. Miaka zaidi ya kumi imepita kati ya mtoto aliyeitwa maajabu na mtu mzima aliyecheza kama alivyotarajiwa.

Lakini wakati wote ule wa kuzunguka, jambo moja lilikuwa linaendelea kimya. Kanuni za FIFA zinasema: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya pesa inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Hata akikopeshwa kwa malipo, kanuni ni hiyo. Klabu iliyomlea haiulizwi kama bado inampenda ao ilimchukia alipoondoka. Inaulizwa tu: alikuwa ameandikwa kwenu tangu lini mpaka lini?

Hesabu kwa dola

Hesabu ya asilimia 5 si ngumu. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya 0.25 kwa mia. Kila mwaka kati ya 16 na 23 una thamani ya 0.5 kwa mia. Tuseme kijana aliyelelewa Butembo anauzwa siku moja kwa dola 2,000,000, pesa ambayo kwa soko la Ulaya si kubwa. Klabu iliyokuwa naye miaka 4 ya kwanza, tangu 12 mpaka mwisho wa 15, inastahili dola 20,000. Kama ilibaki naye mpaka mwisho wa miaka 17, zinakuwa dola 40,000. Akiuzwa tena, hesabu inaanza upya. Kama alikaa miezi 3 tu, inahesabiwa miezi 3.

Kuna haki ya pili, fidia ya malezi, ile Lens iliyoidai. Hiyo inalipwa kijana anaposinya kontra yake ya kwanza ya kulipwa nchi ya nje, na anapohamia nchi nyingine mpaka mwaka wake wa 23. Klabu ya Ulaya ya daraja la juu inayomchukua kijana inaweza kudaiwa euro 10,000 kwa kila mwaka aliokaa katika klabu ya kumlea kati ya 12 na 15, na zaidi kwa miaka ya mbele. Kwa ekipe ya Butembo ao Beni inayokosa hata mipira ya mazoezi, hizo ni pesa za kununua kiwanja na kukizungushia ukuta.

Tangu Novemba 2022 FIFA imeweka ofisi ya malipo mjini Paris ya kugawa pesa hizo. Zamani klabu ndogo ilibidi ijue yenyewe kwamba mtoto wake ameuzwa, itafute avoka, ipeleke madai kabla ya miaka 2 kupita. Sasa mashine inakusanya historia ya mchezaji kutoka kwa mashirikisho ya nchi na kutengeneza pasipoti yake ya mpira. Ni maendeleo makubwa, lakini mashine inasoma kile tu kilichoandikwa. Mtoto aliyecheza miaka 4 katika ekipe ya kartie ambayo haiko katika Entente, kwa macho ya mashine ile hakucheza popote.

Na pesa yake haipotei hewani. Pale ambapo klabu ya kulea haijulikani, sehemu ile inaweza kwenda kwa shirikisho la nchi alikolelewa, kwa kazi ya vijana. Kwa maneno mengine, jasho la Butembo likikosa karatasi, linaweza kuishia Kinshasa.

Jina likibadilika

Mtu akisema haya ni mambo ya Ulaya, akumbuke habari ya Silas. Mnamo Juni 2021, klabu ya VfB Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mchezaji wake Mkongomani, aliyejulikana kama Silas Wamangituka, kwa kweli anaitwa Silas Katompa Mvumpa, na kwamba umri wake ulipunguzwa kwa mwaka mmoja. Kijana alieleza kwamba aliyekuwa wakala wake ndiye aliyefanya hayo alipofika Ulaya, na kwamba alikuwa anaishi chini ya mkono wa mtu huyo. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi 3 na kumtoza euro 30,000. Baadaye akarudi kucheza kwa jina lake, akavaa na jezi ya Leopards.

Wengi walisoma habari ile kama udanganyifu wa umri. Kuna kitu kingine ndani yake. Jina na tarehe vikibadilika, uzi unaomfunga mchezaji na klabu iliyomlea unakatika pia. Atakayedai kutoka Kongo atadai kwa jina la mtu ambaye, kwa karatasi za Ulaya, hayupo. Aliyepata hasara ya kwanza ni mtoto mwenyewe, na wa pili ni ekipe yake ya zamani.

Watu wa namna hiyo hawako Kinshasa tu. Njia ya Kasindi kwenda Kampala ni fupi, na mzazi anayeambiwa mtoto wake wa miaka 15 « amepata akademi, kisha Ulaya » anauza mbuzi, anatoa pesa ya pasipoti, anamwachia mgeni mtoto. Kanuni ya FIFA iko wazi: mchezaji wa chini ya miaka 18 hahamishwi kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhama kwa mambo yasiyo ya mpira, ao familia kukimbia vita. Kakuta alihama na miaka 16 kwa sababu Ufaransa na Uingereza wakati ule zilikuwa zote ndani ya Umoja wa Ulaya, ambako vijana wa 16 wanaruhusiwa. Mtoto wa Butembo hana mlango huo. Tena wakala wa kweli ana lisansi ya FIFA, jina lake linatafutwa kwenye intaneti dakika mbili, na hawezi kusinya na mtoto bila mzazi kukubali kwa maandishi.

« Basi abaki hapa, kama Mputu »

Wazee wa mpira wana jibu lao: kwa nini kukimbilia Ulaya? Trésor Mputu alibaki. Kweli, na alifanya makubwa. Na Mazembe alichukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Leopards akachukua CHAN ya 2009, akatajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka wa wanaocheza ndani ya Afrika. Kumwona Mputu akigeuka na mpira katikati ya watu watatu ilikuwa furaha ambayo Kakuta hajawahi kuwapa Wakongomani kwa kiasi kile. Hata yeye alikuwa na kivuli chake: kwa kumvamia mwamuzi katika mechi ya kombe la Kagame mjini Kigali mwaka 2010, FIFA ilimfungia mwaka mzima, na Mazembe ilipocheza fainali ya klabu bingwa za dunia na Inter Milan mwezi wa 12 mwaka ule, yeye alikuwa mtazamaji.

Lakini Mputu alibaki Mazembe, klabu ya Moïse Katumbi, yenye uwanja wake na mishahara yake. Kivu ya Kaskazini haina Mazembe. Nyuki ya Butembo ilifika Linafoot na kuonyesha kwamba mji unaweza kujaza uwanja. Kubaki kule juu ni kitu kingine, kwa safari za ndege na hoteli zinazolipwa na mifuko ya wapenzi na wafanyabiashara wachache. Kijana wa Beni « anayebaki hapa » habaki Mazembe. Anabaki kwenye pikipiki.

Hata mchezaji wa Mashariki anayepanda ndani ya bara anapita kwanza klabu yenye lisansi. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu kwenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2023. Njia hiyo ya Tanzania iko karibu na sisi kwa lugha na kwa barabara, na kanuni za malezi zinafanya kazi huko vilevile.

Miaka 12 mpaka 15, katikati ya vita

Ugumu wa Butembo na Beni si uvivu wa viongozi wa mpira peke yake, ingawa upo. Miaka ambayo FIFA inahesabu kwanza ndiyo miaka ambayo mtoto wa huku anahamahama. Familia inatoka Eringeti kwenda Oicha, Oicha kwenda Beni, Beni kwenda Butembo, kisha inarudi. Mtoto anabadilisha shule tatu na ekipe tatu, na kila mahali anaitwa tu kwa jina la utani. Mauaji ya ADF yalianza Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haikutangazwa kwisha mpaka 25 Juni 2020, wakati Covid ilikuwa imekwisha kufunga viwanja vya nchi nzima. Tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na uongozi wa mkoa ukahamia Beni.

Kabla ya lisansi ya mpira kuna cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia ya Kongo inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto katika ofisi ya état civil. Zikipita, sherti hukumu ya mahakama, yaani safari, gharama na kungoja. Mama aliyezalia njiani akikimbia hakuwa na siku 90. Ndiyo maana katika mashindano ya vijana ugomvi wa umri hauishi, na kila ekipe inashuku nyingine.

Lakini baadhi ya kazi haingoji amani. Ekipe ya kartie inaweza kujiandikisha katika Entente ya mji wake. Kocha anaweza kuwa na daftari la kweli: jina lote, tarehe, picha, nakala ya cheti, siku mtoto alipoingia na siku alipotoka. Daftari peke yake halimlipi mtu, lisansi ya FECOFA ndiyo inayolipa; ila bila daftari, siku lisansi itakapoombwa, kila mtu atabuni tarehe. Shule, ambazo tayari zina orodha za wanafunzi, zinaweza kusaidia kuliko mtu yeyote. Na viongozi wa Entente, ambao wanajua kudai pesa za mlango kwa kila mechi, wanaweza pia kuonyesha kwa uwazi ni watoto wangapi wa chini ya miaka 15 wameandikwa mpaka Kinshasa, na wangapi wamebaki ndani ya kabati la biro.

Watoto waliozaliwa Beni mwaka 2014, mwaka mauaji yalipoanza, wanatimiza miaka 12 mwaka wa 2026. Kwa kanuni za FIFA, hesabu yao ya malezi inaanza na msimu huo.